Kopo, Kalibu na Kibaba: Umbo la Mkate katika Bonde la Mpunga

Pembe nne za mkate wa slesi hazikutoka katika unga. Donge la unga wa ngano uliokandwa, likiachwa juu ya jiwe la moto, hujitanua, hutuna katikati na huishia kuwa duara, kama ilivyo mikate yetu ya mofa, ya ajemi na ya ufuta. Pembe ni za kopo. Kabla mwokaji hajawasha tanuri, fundi wa bati amekwisha kuamua mkate utakuwa na sura gani, utakatwaje, na yamkini hata utaliwa na nani na wakati gani. Kwa hiyo anayeandika historia ya mkate hana budi kuandika na historia ya vyombo. Vyombo aghalabu husahauliwa, maana chakula ndicho kinachosifiwa, na chombo hurudishwa jikoni kikaoshwa.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo mpaka mahali ambapo wengi hawatarajii kuikuta: bonde la mto Kilombero, Mkoa wa Morogoro, kwenye vijiji vilivyopangana baina ya Kidatu na Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Kimojawapo kinaitwa Kisawasawa. Sikio la Mswahili haliwezi kulipita jina hilo bila ya kusikia ndani yake neno sawasawa, na neno hilo, kama tutakavyoona, ndilo hasa walilolitafuta waliobuni kopo la pembe nne: kipande kilingane na kipande. Ila Kisawasawa ni nchi ya mpunga. Bonde lile ni la joto na maji, ilhali ngano yataka nyanda za baridi. Kwa nini basi kuzungumza habari za mkate katika nchi ya wali? Kwa sababu hapo ndipo kopo la ngano na chombo cha mchele vilipokutana uso kwa uso, na katika kukutana kwao mna swali linalotuhusu sote tunaokula kwa tui na kusoma kwa vina: nani humpa mwenzake umbo?

Kopo la ngano

Kwa karne nyingi mikate ya Ulaya iliokwa juu ya sakafu ya tanuri, bila chombo. Makopo ya kuokea yalienea Uingereza katika karne za 18 na 19, viwanda vya Wales Kusini vilipostawi katika kutengeneza mabamba ya chuma yaliyopakwa bati. Bamba lile lilikuwa jepesi, halikushika kutu upesi, na lilikubali kukunjwa. Fundi alikunja pembe badala ya kuzikata, akazungushia ukingo wa juu waya ili kopo lisipinde, na akaziinamisha kuta kidogo kwa nje ili mkate ukigeuzwa uteleze wenyewe. Mwokaji naye alijifunza tahadhari moja: bati safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 232 za Selsiasi, na tanuri la mkate hufika karibu na hapo, basi kopo tupu haliachwi motoni.

Faida ya kwanza ya kopo ilikuwa nafasi. Mikate ya duara huachiana mapengo tanurini, lakini makopo hukaa ubavu kwa ubavu. Faida ya pili ilikuja na namna mpya ya kula. Jina la sandwichi linaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi mwezi wa Novemba mwaka 1762, katika shajara ya mwanahistoria Edward Gibbon, na lilitokana na cheo cha John Montagu, Mkuu wa nne wa Sandwich. Vipande viwili vya mkate na kitoweo baina yake: jambo jepesi mno kulisema, lakini lina sharti lake. Vipande viwili lazima vioane. Mkate wenye kichwa cha mviringo hutoa kipande kidogo mwanzo na mwisho, kipana kati, na kila kipande kina mgongo. Ukiweka kimoja juu ya kingine na kukata pembetatu, upande mmoja una kitoweo na upande mwingine una ganda tupu.

Jawabu lake lilikuwa kifuniko. Kopo likifunikwa, unga unaoumuka hupanda mpaka ukagota juu, ukajaza pembe zote, na kwa kuwa hauna pa kwenda, vishimo vyake vya hewa hubaki vidogo na vya kulingana, na ganda lake huwa jembamba. Wafaransa walikuwa na mkate wa namna hiyo zamani. Wamarekani waliupa jina la Pullman, kwa ajili ya mabehewa ya kifahari ya George Pullman wa Chicago, ambaye behewa lake la kwanza la maakuli lilitoka mwaka 1868. Jiko la behewa ni ukorido mwembamba. Husimuliwa kwamba mahali panapoingia mikate miwili ya mgongo wa mviringo, huingia mitatu ya mraba. Kopo la kawaida la mkate huo lina urefu wa sentimita 33 na upana na kimo cha sentimita 10. Likikatwa kwa unene wa sentimita moja, hutoa vipande 30 na zaidi ambavyo hakuna awezaye kuvitofautisha. Tarehe 7 Julai 1928, katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, mashine ya Otto Rohwedder ilianza kuuza mkate uliokatwa tayari. Tangu hapo kisu nacho kikaondoka mkononi mwa mlaji, kikaenda kiwandani.

Tuligote hapa jambo moja. Mkate wa mraba haukubuniwa kwa ajili ya utamu. Ulibuniwa kwa ajili ya reli, rafu, mashine na sanduku la mtoto wa shule. Ulikuwa jawabu zuri la swali maalumu, na swali lenyewe liliulizwa na watu walioishi kwa saa ya treni.

Nafaka isiyosimama peke yake

Mchele una tabia nyingine. Unga wa ngano ukikandwa kwa maji hufanya utando wa gluteni, mithili ya mpira mwembamba, ambao hushika pumzi ya hamira na kuuwezesha mkate kusimama hata pasipo chombo. Mchele hauna utando huo. Ukisagwa na kuchanganywa kwa tui na hamira huwa uji mzito unaotoa mapovu. Uache juu ya jiwe nao utatambaa mpaka ukingoni na kumwagika. Kwa ngano kopo ni hiari na nadhifu. Kwa mchele chombo ni lazima, maana pasipo chombo hapana mkate.

Ndiyo sababu watu wa pwani na visiwa, ambao mchele wanao tangu zamani, walikuwa mafundi wa kalibu kabla hawajaona kopo la pembe nne. Wachimbuzi wa mambo ya kale huko Chwaka, Pemba, wamekuta mabaki ya mpunga ya kati ya karne za 11 na 15. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli. Na jikoni kwetu, mchele ulioroweshwa na kusagwa ulizaa jamaa nzima ya mikate, kila mmoja na chombo chake. Chila ina kaango lake. Mkate wa kumimina una sufuria yake iliyopakwa samli, moto mdogo chini, na makaa yaliyopangwa juu ya kifuniko ili uso upate rangi. Kifuniko cha mpishi wa mkate wa kumimina na kifuniko cha kopo la Pullman ni ndugu, lakini wana kazi mbili mbalimbali: kile cha reli huuzuia mkate usipande, na hiki chetu huubebea moto.

Kisha kuna kitumbua. Chuma cha kuchomea vitumbua aghalabu kina vishimo 7, kimoja kati na 6 kukizunguka. Fundi anayekisubu kwa alumini ya vyombo vikuukuu, akaimimina katika kalibu ya mchanga, huenda hakupita darasa la hesabu za maumbo, lakini mkono wake unajua wanachokijua wenye elimu hiyo: duara moja huzungukwa na maduara 6 yaliyo sawa nalo, yakagusana yote bila ya kubaki pengo la kutia la saba. Hapo napo pana usawa, na hapana pembe hata moja. Bahari ya Hindi yote inalijua jambo hili. Watamil wana chombo cha vishimo kwa paniyaram zao, na Wamalagasi huoka mofo gasy, mkate wa unga wa mchele, katika vishimo vya duara juu ya makaa. Na neno lao mofo lina sura moja na mofa yetu. Ukitazama kutoka baharini, kopo la mraba ndilo mgeni.

Bonde na vipimo vyake

Turudi Kilombero. Masika yakifika, mto hufurika na uwanda kuwa ziwa. Maji yakipungua huacha udongo mweusi ambao Wandamba, Wabena wa bondeni, Wambunga na Wapogoro wameutumia kwa mpunga. Mwaka 1935 A. T. na G. M. Culwick walitoa kitabu cha Ubena of the Rivers, chenye sura iliyotoka kwa Mtema Towegale Kiwanga, wakieleza maisha ya watu waliokwenda kwa mtumbwi na kuyafuata maji. Wakulima walijenga madungu mashambani, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miguu ya miti, wakae juu ya maji na wafukuze ndege.

Mpunga ni nafaka ambayo Kiswahili kimeienzi kwa majina kuliko nafaka nyingine zote. Shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali. Uliovunjika ni chenga, ganda lake ni kapi, ulioshika chini ya chungu ni ukoko. Ngano ni ngano tu, tangu shambani hadi guniani, na jina lenyewe inagawana na hadithi za paukwa pakawa. Lugha hutaja kwa urefu kile inachoishi nacho.

Na nafaka hii ilipimwa kwa vyombo. Kibaba, na vibaba vinne pishi. Kisha likaja debe. Debe lilikuwa kopo la mafuta ya taa, galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo, na mafuta yalipokwisha lilianza maisha yake ya pili. Likawa kipimo cha nafaka, likawa ndoo, likafunguliwa likawa paa, likakatwa likawa taa ya kibatari, karai na kopo la kuokea. Historia ya vyombo vya bati katika Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni historia ya debe. Majina yenyewe ni ramani ya safari zetu: debe limetoka Bara Hindi, kopo kwa Wareno, kalibu kwa Waarabu. Fundi wa bati wa Ifakara anayekunja pembe za kopo hutumia maneno yaliyovuka bahari tatu.

Ngano iliingia bondeni kwa mlango mwembamba sana. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mkate wa misa uwe wa ngano tupu, mchele haukubaliwi. Wabenedikto walipofungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902, na Wakapuchini wa Uswisi walipoingia mwaka 1921, ilibidi ngano itoke nje ya bonde, hata kama ni kidogo, kwa ajili ya hostia. Nayo hostia huokwa baina ya mabamba mawili ya chuma yanayobana, ikawa nyembamba, ya duara, na kila moja sawa na mwenzake. Basi katika historia ya bonde, ngano ilikuja pamoja na kalibu yake, na ilikuja ikiwa na heshima ya madhabahuni.

Mkate na cheo

Heshima ya pili ilikuwa ya dunia, na ilikuwa chungu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942, mchele ambao Zanzibar na miji ya pwani ilikuwa imeuzoea kutoka huko ulikatika. Serikali ikagawa chakula kwa mgao, na huko Dar es Salaam mgao ulifuata rangi ya mtu. Mchele na ngano vilielekezwa kwanza kwa Wazungu na Waasia. Mwafrika alipewa unga wa mahindi, hata akiwa Mswahili wa mjini ambaye babu yake na babu wa babu yake walikula wali. Kadi ya mgao ilikuwa kalibu nyingine: ilimtia mtu umbo kwa karatasi, kisha ikampa chakula kinacholingana na umbo hilo.

Tusione ajabu basi kwamba baada ya Uhuru mkate wa ngano ulibaki na harufu ya cheo. Kuwa na slesi mezani asubuhi, siagi na chai ya maziwa, kulionekana ni dalili ya ajira, ya shule, ya mji. Kitumbua kilibaki kuwa chakula cha mama wa barazani. Miaka ya ukata baada ya Vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, ilipofanya mkate kuwa adimu madukani na watu kuupangia foleni, adimu ile iliuongezea mkate fahari. Kisichopatikana hutamaniwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba mkulima wa mpunga, mwenye chakula ambacho mji mzima unakililia, alifundishwa kukiona cha kwake kuwa duni kwa sababu hakina pembe.

Reli

Kisha ikaja reli. Mkataba wa kujenga reli ya Tanzania na Zambia ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na tarehe 14 Julai 1976 reli ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Katika bonde la Kilombero inapita kwenye ukanda ule mwembamba baina ya Udzungwa na uwanda wa mto, ukanda wenye Mang'ula, Kisawasawa na Kiberege, mpaka Ifakara, na mbele yake Mlimba, ambapo huanza kupanda milima kuelekea Makambako.

Reli nayo ni kopo. Upana baina ya vyuma viwili ndio huamua lipi litapita na lipi halipiti. Tazara ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani, ambayo tawi lake lilifika Kidatu, ina milimita 1,000. Kwa milimita 67, upana usiozidi vidole vinne, mabehewa hayawezi kuvuka kutoka njia moja kwenda nyingine, na pale Kidatu shehena haikuwa na budi kuhamishwa. Anayedhani umbo ni urembo tu na afikirie vidole vinne hivyo.

Lakini watu wa bondeni hawakuipokea reli kama unga unavyolipokea kopo. Waliigeuza. Reli iliyokusudiwa kubeba shaba ya Zambia waliifanya njia ya magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi na matenga ya kuku. Treni fupi iliyokwenda baina ya Kidatu na Makambako, ikisimama kituo hadi kituo, abiria waliibandika jina la Kipisi, yaani kipande. Wakati Marekani reli iliupa mkate umbo lake, hapa abiria ndio waliokata kipande cha reli wakakipa jina lao. Vituo vikawa masoko: treni ikisimama, mabeseni hupanda mpaka madirishani, na ndani ya mabeseni mna vitumbua, maandazi, mayai na wali. Kitumbua kinafaa sana dirishani. Hakikatwi, hakipakwi, hakihitaji sahani. Kila kimoja kimezaliwa kikiwa fungu la mtu mmoja, na bei yake ni ya moja. Kile ambacho Rohwedder alikitafuta kwa mashine, chuma cha vishimo 7 kilikuwa nacho zamani.

Kwa upande wa pili, barabara na reli hizo hizo zilileta slesi bondeni, kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kidatu, kwa wageni wa hospitali na watafiti wa Ifakara, kwa maduka ya kando ya njia. Leo mtoto wa Kisawasawa anazijua sura zote mbili za mkate. Swali ni ipi anaiona kuwa ya kwake.

Mizani mbili

Wapenzi wa ushairi watakuwa wamekwisha kuona tunakoelekea. Katika Kiswahili mizani ni neno moja: mizani ya dukani inayopima mchele, na mizani ya shairi inayohesabu silabi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliwapa watunzi kopo lenye kuta zilizo wazi: mishororo, vina, mizani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 aliwaonesha mkate uliookwa bila kopo, na ubishi uliofuata baina ya wanajadi na wanamapinduzi wa ushairi ulijaza kurasa za miaka mingi. Wengi waliugeuza ubishi ule kuwa ugomvi wa uhuru na utumwa. Jikoni hufundisha jambo jingine. Ziko tungo za namna ya ngano, ambazo utando wake wa ndani hushika pumzi hata pasipo kuta. Na ziko tungo za namna ya mchele, tamu kupita kiasi, ambazo ukiziondolea vina humwagika. Mwenye kukataza kalibu zote na mwenye kuamuru kalibu moja wote wawili hawajauliza kwanza kilichomo ndani ya bakuli.

Na mizani ya duka nayo haijapona. Mkulima wa Kilombero anaijua lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba cha ziada juu ya mdomo wake, ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, na bado vilio vyake havijaisha katika nchi. Lumbesa ni mkate uliopanda juu ya kopo: mgongo wake ni jasho la mtu. Hapo kifuniko kinahitajika kweli. Usawa wa vipande vya sandwichi ni unadhifu. Usawa wa kipimo ni haki, na wa pili una haraka zaidi kuliko wa kwanza.

Kopo la mchele

Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya ngano ulimwenguni, mlaji wa slesi wa Ifakara na wa Unguja walikumbushwa kwamba kiamsha kinywa chao kimefungwa kwa kamba ndefu mno. Wakati huohuo mashine za kukoboa za bonde hutoa chenga kila msimu, mchele uliovunjika ambao hauna bei ya mchele mzima lakini unasagika vizuri kuliko huo. Watafiti wa mpunga wa Ifakara wamehangaika na mbegu kwa miaka mingi. Mbegu ya TXD 306, iitwayo SARO 5, ilienea kwa wingi wa mavuno yake, ilhali Supa inabaki kupendwa kwa harufu. Kuhusu mbegu tumeshughulika. Kuhusu chombo bado.

Kwani ni nani aliyekaa chini na fundi wa bati akamwuliza kopo la mkate wa mchele liweje? Si swali la mzaha. Uji wa mchele hauna nguvu ya kupanda mbali, basi kopo lake lisiwe refu kwenda juu. Huiva kwa kushikwa na moto wa kuta, basi liwe jembamba, ili katikati pasibaki ubichi. Huchanika ukikatwa ungali moto, basi uachwe upoe ndani ya chombo, na kuta ziiname zaidi kidogo kuliko za kopo la ngano ili utoke bila ya kupigwa. Lisitengenezwe kwa bati la paa lililopakwa zinki, wala pembe zake zisiunganishwe kwa risasi, maana sumu ya hizo huingia chakulani. Pembe zikunjwe tu, kama wazee walivyokunja. Na kama mtu atataka lipate pembe nne, ili mtoto abebe sandwichi yake ya mchele shuleni, hakuna ubaya wowote katika pembe nne. Ubaya ulikuwa katika kudhani kwamba pembe hizo huja na ngano peke yake, na kwamba asiyekuwa nazo hana mkate.

Visiwani tumeoka mkate wa kumimina kwa karne nyingi, na mara kwa mara kwa mchele uliovushwa kutoka bara. Tunaujua moto wake, tunaijua hamira yake, tunajua ni lini uso umeshika. Kilombero wana mpunga, wana chenga, wana mafundi wanaosubu na wanaokunja. Baina ya ujuzi huu na ule pana safari ya siku moja ya barabara na ya saa chache za bahari. Walioubuni mkate wa mraba walianza kwa kulitazama behewa lao na kulipima upana. Sisi tunaweza kuanza kwa kulitazama beseni linalopanda dirishani pale kituoni, tukahesabu vitumbua vilivyomo, na tukamwuliza mwenyewe angependa chombo cha namna gani.